Filimbi Niliyoitoa

Mdogo wangu mpendwa,

Mvua zimewahi huku na magoti yananisumbua. Ghalani bado nafunga mikoba ya huduma ya kwanza ya wapanda milima: bendeji, plasta, mkasi, dawa ya vidonda, filimbi ya kuitia msaada.

Mkoba wa mwanao niliufunga mwenyewe. Alinicheka: "Mjomba, naenda kulala kwenye hema siku tatu tu, unanibebesha hospitali nzima!" Nikamwambia aache maneno, nikamfundisha kufunga mguu uliovunjika kwa vijiti viwili.

Filimbi niliitoa. Unakumbuka tulivyokimbia vita, mama akituziba midomo kwa viganja. Tangu siku zile naamini kwamba porini anayepona ni aliyenyamaza. Miaka arobaini ya ugenini haikunizoesha kuamini kwamba huku aliyepotea hutafutwa na watu wema.

Kwenye simu nilikwambia aliteleza, akafa papo hapo. Nilikudanganya. Aliishi siku nne bondeni. Mguu alikuwa ameufunga vizuri mno, hata mimi nisingeweza zaidi. Waliomtafuta walipita ukingoni, juu ya bonde, mara mbili katika ukungu, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Kiongozi wao aliniuliza, "Mzee, mikoba yenu yote ina filimbi. Wake mbona haukuwa nayo?"

Nikamjibu sijui. Nimewajibu hivyo wote walioniuliza, na wameniamini, wakanipa pole. Wewe hujaniuliza, na kwako jibu hilo halitoki.

Ni mimi kaka yako, uliyemkabidhi mtoto.