Baba, Walitoboa Kichwa cha Kendi

Baba,

Ni mimi, Mwenda. Bado niko Siakago, nabeba magunia ya ndengu kwenye ghala. Joto la huku sijalizoea na mgongo unauma, lakini sikuandikii kulalamika. Kuna jambo nimelijua, na ulistahili kulijua kabla yangu.

Binti yako Kendi alianza kuumwa kichwa kama wewe. Kisha mkono ukawa unatetemeka mpaka akaangusha kikombe. Picha ikaonyesha doa kwenye ubongo, kama lako. Pale nyumbani Kibirichia watu wakaanza kumlilia akiwa hai: "Ni ile saratani ya babake." Daktari akataka kumtoboa kichwa, achukue kipande cha doa kwa sindano, lakini Mama hakutaka aguswe. Kendi akaniita hospitalini. "Wewe uliza, Mwenda. Mimi nikiuliza nitalia."

Nikauliza, Baba. Niliishia darasa la sita, lakini niliuliza mpaka daktari akavuta kiti akaketi. Kama doa mnaliona, sindano ya nini? Akasema picha inaonyesha mahali, haisemi ni kitu gani. Na sindano inajuaje njia humo ndani? Akanionyesha kwenye kompyuta. Wanabandika alama kichwani, wanapiga picha tena, mashine inapima pembe na kina, nao wanachagua njia isiyogusa mishipa mikubwa. Tundu lenyewe ni dogo kama kifungo cha shati. Sindano ina kidirisha ubavuni, inatoa kipande kama punje ya mchele.

Nikamwambia, hiyo ni bambo! Kile chuma tunachochoma nacho gunia, kinatoa ndengu chache tuone kama zina wadudu, na gunia halifunguliwi. Akacheka. Lakini hakunificha: damu inaweza kuvuja ndani, mtu akapooza au akafa.

Nawe uliambiwa habari za sindano hiyo. "Mimi si kiazi cha kutobolewa," ulisema. Tukacheka, tukakurudisha nyumbani. Mimi nilicheka kuliko wote. Sikuuliza hata swali moja.

Kendi alikubali. "Ila wasininyoe zote, nina harusi ya rafiki yangu." Tukangoja majibu. Mimi nilikuwa nabeba magunia bila kuyahesabu.

Si saratani, Baba. Ni TB. Sikujua kama inaweza kutoka kifuani ikapanda kukaa kwenye ubongo. Dawa yake ni vidonge, vya miezi mingi. Mkono umeanza kutulia, na juzi ametuma picha akiwa amejifunga kitambaa kichwani, anaringa.

Sasa nabaki kujiuliza. Lako lilikuwa nini? Nilimuuliza daktari. Akasema hakuna anayeweza kujua tena. Labda ilikuwa saratani kweli. Labda ilikuwa ya vidonge. Hili linanichosha kuliko kazi.

Pumzika, Baba. Sikulaumu, na ukiweza usinilaumu. Nakuahidi Kendi atameza kila kidonge mpaka cha mwisho, hata ikibidi nimpigie simu kila asubuhi anichukie. Disemba nitakuja kupalilia kaburi lako. Jibu sitakuwa nalo, lakini nitakuja.

Mwanao,
Mwenda