Mbegu ya Mama na Ugomvi wa Dola

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, huko uliko. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa wakulima wenzangu wa hapa Kibuyuni wamo katika hali hii hii. Shamba lako la mwani limekufa, mama.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka baharini maji yakitoka, leso umeifunga kiunoni, ukinifundisha kufunga mbegu kwenye kamba? Mimi nilikaza fundo, wewe ukalilegeza. "Usiinyonge, nayo yataka kupumua." Mwani hauna punje. Hukatwa kipande cha mmea uliovunwa, kikafungwa upya. Kwa hiyo mbegu niliyokuwa nikifunga hadi juzi ni ile ile ya mkono wako, na hilo ndilo lililonirudisha majini baada ya kukuzika.

Na ile redio yako! Mwani wetu hulipiwa kwa dola huko ng'ambo, basi kabla ya kuuza ulisikiliza hadi bei ya dola itajwe. Ikipanda, ulizidisha sukari kwenye chai. Nilikutania, "Huyo bwana wako dola hata posa hajaleta." Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Ndiye atulishaye, mwanangu."

Basi watu wamemchoka huyo bwana wako. Redio inasema nchi zataka kuuziana kwa fedha zao wenyewe. Nami nilifurahi, mjinga mimi, nikasema ubwana wa mmoja na uishe. Kumbe mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameshataka kulipia mwani wetu kwa fedha ya kwao, na tajiri anayeusafirisha akakataa. Mkopo wake wa benki ni dola, nauli ya meli ni dola. Wakavutana, nasi tukangoja na magunia ghalani. Bi Mwanakombo, swahiba wako, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, alimpigia tajiri simu.

"Na kwa shilingi je, bwana?"

"Shilingi yenu huko ng'ambo nani aitaka, mama?"

Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mvua ilivuja ghalani, mwani ukapauka, hauuziki tena. Ule wa baharini ulikosa kuvunwa, ukakatika, ukaenda na mawimbi. Nina hasira, mama, wala sijui nimkasirikie nani. Si wenye dola wala wanaoikimbia, hakuna hata mmoja ajuaye kwamba tupo.

Nimepata kazi ya kufua mashuka hotelini Diani, naondoka Jumamosi. Kilibaki kifungu kimoja cha mbegu hai. Nilikizungusha nyumba hata nyumba, nikiomba mtu akichukue bure, akakirudishe majini, kizazi chako kisikatike. Wote walinionea huruma na wote walikataa. Nikamalizia kwa Bi Mwanakombo. Alikipokea, akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Nisamehe, mwanangu. Moyo sina tena."

Kimo kwenye ndoo, hapa miguuni pangu. Kimeanza kunuka.

Mungu akupe raha huko, mama, kwani huku haipo.

Mwanao uliyemwachia shamba