Jino la Njoroge

Dundori, Jumapili, Agosti 1955

Limeota! Jino la chini, dogo kama punje ya mchele. Njoroge ameniuma nikimnyonyesha, nami nikapiga kelele kwa furaha.

Tangu mzungu mwenye shamba alete dawa ya kutokufa, hakuna aliyezeeka hapa, na mkataba unasema tutamchumia pareto mpaka kifo. Hata watoto huacha kukua. Binti wa Nyambura, jirani yangu, bado anatambaa, mwaka wa sita sasa. Ndiyo maana siku ya sindano nilimficha Njoroge kwenye ghala la viazi. Lakini mimi nilidungwa, na nimekuwa nikiogopa kwamba dawa inampata kupitia maziwa yangu.

Nilimwita Nyambura. Akaligusa jino, machozi yakamtoka. Nikadhani nimemuumiza.

"Mama Njoroge," akasema, akilia na kucheka, "huyu atakua! Atatupita sote!"

Mume wangu alimrusha juu mpaka mtoto akacheua.

Siku moja atakuwa mzee kuliko mimi, na nyapara atauliza kwa nini. Leo nimekata kitambaa cha shati lake la mwaka ujao.