Uvimbe Bubu wa Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kafanyiwa upasuaji. Wamepitia puani, wakatoa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini kabisa ya ubongo. Kazinduka akiuliza kama pua bado ipo. Nikacheka — nikatoka nje kulia. Uvimbe ulikuwa umebana mishipa ya macho; anasema sasa anaona mpaka pembeni. Mungu asante! Shemeji anasema yamekwisha. Kwake labda. Mimi ni mtu wa maabara. Kile kipande kinakuja kwetu.

Jumatano, 5 Machi

Kimekuja. Mkuu wa maabara kanikataza kukigusa, eti sampuli ya ndugu huwezi kuitazama kwa haki. Sawa. Lakini chumba ni kimoja, na macho hayana kufuli. Mwenzangu kakata, kaweka kwenye vioo, kapaka rangi. Kila rangi inawinda protini yake. Ikiipata, seli zinageuka kahawia, tunajua uvimbe umezaliwa na seli zipi. Prolaktini, homoni ya maziwa — hamna. Homoni ya ukuaji — hamna. Na homoni kwenye damu yake zilikuwa shwari tangu mwanzo. Nikashusha pumzi. Mapema mno, nadhani.

Alhamisi, 6 Machi

Protini ya T-PIT imeshika, alama ya seli zinazoamrisha tezi za juu ya figo. Kioo kizima kahawia!

 Mwenzangu alisogea tu pembeni ya hadubini, nikainama. Ni ule uvimbe bubu, ambao seli zake hazimwagi homoni. Kwenye damu hausikiki, ila una tabia ya kurudi, na ukirudi hauji kwa upole. Nikakagua kioo cha kulinganishia, labda rangi imeharibika. Haijaharibika.  Mama kapiga simu: mgonjwa kaomba chakula mwenyewe, dalili njema hiyo. Nikasema ndiyo, mama. Sauti sijui niliitoa wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Imebaki rangi moja, ya kuonyesha seli zinagawanyika kwa kasi gani. Daktari wa patholojia anaisoma sasa hivi, kajifungia. Mimi naandika chooni. 

Mdogo wangu karuhusiwa leo. Badala ya kwenda nyumbani kaja hapa na shemeji, pua imejaa pamba, anamtania mlinzi. Kanishika mkono.

"Dada, vioo hivyo wewe unavielewa. Nimepona?"

Nikamwambia daktari hajamaliza.

"Sijamuuliza daktari."

Nikasema nakuja, nimebanwa. Nikakimbilia huku.

Viatu vya daktari ukumbini. Vimepita. Vimesimama. Anauliza niko wapi — na mdogo wangu ndiye anayemjibu!

Sasa mdogo wangu anagonga. Taratibu.

"Dada, fungua. Ukikaa humo, umeshanijibu."

Mkono uko kwenye komeo. Uso ndio bado sijauandaa.