Dawa ya Mende Kwenye Injini

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo gereji? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya hii maabara inanitafuna vidole.

Najua sijaandika miaka miwili, tangu niliposema ufundi wako ni wa kubahatisha. Leo nina ombi. Tunachanganya asidi ya boriki kwenye oili ya injini ili vyuma visisuguane sana. Kwenye mashine ya majaribio inafanya vizuri, lakini hakuna anayekubali kutuazima gari lake. Pikapu yako je?

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake.

Hiyo asidi nimeiulizia dukani. Kumbe ni dawa ya mende! Injini yangu haina mende. Hapana.

Mjomba


2 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi wazima, isipokuwa pikapu.

Usicheke. Nilinunua ile dawa ya mende, nikamimina kopo zima kwenye oili. Nilitaka kukuonyesha ni upuuzi. Haya, na kidogo nilitaka kuona. Sikufika hata kwenye kona: taa ya oili ikawaka, nikazima papo hapo. Kufungua filta, imejaa uji mweupe. Niambie nilikosea wapi.

Mjomba wako


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwenzangu akaja kuuliza kama naumwa. Kisha nikasoma tena pale uliposema umezima papo hapo, nikachukua kalamu. Mwingine angeendelea tu mpaka injini ife. Nisamehe kwa lile neno la kubahatisha, Mjomba. Lilikuwa la mtoto aliyetoka kupata cheti.

Unga wa dukani ni mchanga tu mbele ya filta. Wetu unasagwa laini kuliko vumbi, unatiwa kidogo sana, pamoja na kitu cha kuuzuia usitulie chini. Chembe zake ni kama karatasi zilizopangwa: chuma kikisukuma, zinateleza moja juu ya nyingine. Osha injini, badilisha filta. Chupa ya mchanganyiko wetu inakuja na barua hii.

Mpwa wako


30 Agosti

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, mwanangu. Huku kwema, kazi zipo.

Kilomita elfu tatu sasa. Pikapu inanguruma kwa upole, na mafuta naona inakula kidogo kuliko zamani. Jirani kashaniomba chupa, nimemkatalia. Unajua kwa nini? Niliosha injini, nikaweka filta mpya, ndipo nikatia dawa yako. Sasa kipi kilichosaidia? Mimi sijui, na wewe hujui. Kwa hiyo nimemwaga oili yote, nimetia ya kawaida na filta mpya, naanza kilomita elfu tatu nyingine. Nimenunua na daftari la kuandikia mafuta inayokula.

Wakubwa wako usiwaambie kitu bado. Omba likizo, uje tuifungue injini pamoja, upime vyuma kwa vyombo vyako. Ile meza ya dirishani hapa gereji nimeisafisha, uweke vyombo vyako. Ni yako.

Mjomba wako