Sifuri za Daftari la Hurlingham

Uthiru,
Jumanne asubuhi.

Kwako dada yangu mpendwa Virginia,

Pokea salamu nyingi. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba Baba Jackie ameacha kubishana na daktari wa presha. Huku mume wangu Mungai yuko salama, kuku wanataga, na mpangaji wa chumba cha tatu bado anaimba akioga. Mimi sijambo, ingawa neno hilo nitalirekebisha mbele kidogo.

Nimeona ujumbe wako kwamba wakwe wanaleta ruracio, mahari ya Jackie, wiki ijayo, Jumamosi, na unataka niketi kando yako tangu wageni waingie mpaka waondoke. Umesema safari hii hutaki kusikia habari za kuumwa na kichwa. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka nilivyomzaa Kibe, siku mbili za uchungu, kisha nikashonwa kama gunia. Kilichoharibika ndani hakikuonekana. Kwa miaka mingi choo kilinitoka bila kuniomba ruhusa. Ndiyo maana nakijua kila choo kuanzia Adams Arcade hadi katikati ya jiji, na najua ni mlinzi gani hutaka kwanza ununue chai. Miaka minane iliyopita Daktari Tejas, wa kliniki moja Hurlingham, aliniwekea kifaa chini ya ngozi, juu kidogo ya tako. Kinapeleka umeme mdogo kwenye neva za huko chini ili mlango ukumbuke kazi yake. Mungai peke yake ndiye aliyejua, na aliuliza kama kitashika redio.

Kilinifaa, dada. Miaka mitano nilitembea kama watu wengine. Kila baada ya miezi sita walinipa daftari niandike, kwa wiki mbili, nimepatwa mara ngapi, maana walitaka kujua kifaa humfaa mtu kwa muda gani. Niliandika sifuri, na ilikuwa kweli. Nesi Ekta akaniita nyota wa kliniki. Basi mambo yalipoanza kuharibika tena, kwanza mara moja kwa mwezi, halafu kila wiki, mkono ukaendelea kuandika sifuri. Si unajua tulivyolelewa: ukiulizwa hali unajibu njema hata ukiwa umebebwa. Nilijaza daftari la hospitali kama mtu anayeitikia salamu.

Jana nilienda kupimwa. Daktari akaweka mashine yake, akatazama, akatazama tena. Akasema betri ilikufa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Kisha akafungua madaftari yangu, na uso ukamng'aa. Akasema mimi ni mtu wa ajabu, kifaa kimezimika na bado sipatwi, kwa hiyo hakuna haja ya kunipasua kubadilisha betri, na angependa kuwaandikia madaktari wenzake habari zangu. Ekta akapiga makofi. Mimi nimekaa pale na nepi ya watu wazima.

Nilifika mlangoni, nikarudi. Nikawaambia sifuri za miaka mitatu ni uongo. Daktari akauliza kwa upole kwa nini. Nikamwambia ni adabu. Ekta akageuka akaanza kupanga glavu zilizokwisha kupangwa. Ijumaa hii watabadilisha betri, ila hakuna aliyeahidi kitu. Tejas alisema wengine hurudia hali nzuri, na wengine mwili huwa umeshaacha kusikiliza umeme. Kujua kutachukua wiki kadhaa, na wakwe hawatangoja.

Sasa lile zito. Siku tulipomzika Mama niliondoka kabla ya udongo, na umeninunia miaka miwili ukisema nina kiburi cha jiji. Dada, nilikuwa nyuma ya zizi nikijiosha kwa maji ya ng'ombe. Nyimbo za kufunika kaburi nilizisikia nikiwa huko.

Nataka kuketi kando yako. Nikiinuka ghafla wazee wakizungumza, usinishike nguo. Waambie nimekwenda kutazama chakula. Na kile choo cha nje kwako, ufunguo wake hukaa na nani? Siku hiyo naomba ufunguo huo ukae na mimi.

Msalimie Baba Jackie na bibi harusi wetu. Haya mengine yabaki kwako, hata mchungaji asiyajue.

Ni mimi mdogo wako,
Ciru