Anua Waliokauka

Mjukuu wangu Zabibu,

Marahaba. Huku Kasingirima mama yako mzima. Mdogo wako ndiye anayeniandikia barua hii, huku akicheka.

Unaniuliza kama uiache hiyo shahada ya pili ya hesabu, eti Ijumaa unatakiwa kupeleka kazi na maswali mawili kati ya matatu yamekugomea. Thubutu!

Nilipokuwa msichana tulianika dagaa Kibirizi, mvua ikaja mbio kutoka ng'ambo ya ziwa. Nikakimbilia wabichi, nalia. Mama akafoka, “We zuzu, hao si wamelowa tayari? Tutawaanika tena. Anua waliokauka!” Hao wakavu ndio tuliokula.

Hesabu sizijui. Ila ulisema swali moja limekubali. Liandike hilo vizuri, ulipeleke. Mabichi yatasubiri jua. Na ule chakula, kwenye picha uliyotuma umebaki shingo tu.

Mvua haijadondoka bado, mama. Kimbia!

Bibi yako